Ukitapeliwa mtandaoni: Njia za kisheria za kudai pesa zako

Nyumba ya vyumba viwili Kangemi, picha safi, kodi nafuu, na "mwenye nyumba" anayetaka amana leo kwa sababu wateja ni wengi. Simu mpya kwenye ukurasa wa Facebook wa duka linalodai kuwa Luthuli Avenue. Mtu anayejitambulisha kuwa afisa wa benki na kuomba PIN. Pesa zikishatumwa, namba inazimwa.

Wakazi wengi huishia hapo wakiamini kwamba pesa za mtandaoni zikienda zimeenda. Sheria za Kenya zinatoa njia kadhaa za kuzidai. Hata hivyo, kumfunga tapeli na kurudishiwa pesa ni mambo mawili. Kesi ya polisi peke yake haimrejeshei mtu shilingi yake. Lazima aiombe, na aiombe mahali panapofaa.

Saa za kwanza

Nafasi kubwa zaidi ya kuokoa pesa ni kabla hazijatolewa kwa wakala au kuhamishiwa akaunti nyingine. Aliyetuma kwa M-Pesa asambaze ujumbe wote wa muamala kwa namba 456 kuomba urejeshwe, kisha apigie kampuni aeleze kwamba ametapeliwa. Namba na ujumbe wa tapeli huripotiwa kwa 333. Ombi la kurejeshewa husaidia tu ikiwa pesa bado ziko kwa mpokeaji. Mpokeaji akipinga, kampuni si mahakama ya kuamua nani mkweli. Hapo ndipo polisi huingia.

Aliyelipa kupitia benki aiarifu benki yake mara moja, aombe iwasiliane na benki iliyopokea, na adai namba ya malalamiko kwa maandishi. Aliyelipa kwa kadi ana haki ya kupinga malipo kupitia benki iliyompa kadi hiyo.

Usifute chochote. Mahakama za Kenya hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini Sheria ya Ushahidi hudai cheti kinachoeleza ulivyopatikana na kifaa kilichotumika. Kwa hiyo hifadhi simu yenyewe, ujumbe wa muamala, mazungumzo ya WhatsApp yakiwa na tarehe na namba, tangazo lenyewe na anwani ya ukurasa ulikotokea.

Kituo cha polisi

Piga ripoti katika kituo kilicho karibu, kwa mfano Central kwa walio katikati ya jiji, au Muthangari, Kileleshwa na Kabete kwa wa upande wa magharibi. Usiondoke bila namba ya OB. Bila hiyo, benki na kampuni za simu huwa na sababu ndogo ya kulichukulia dai kwa uzito.

Mkazi hawezi kuilazimisha kampuni ya simu kumtajia mwenye laini. Mpelelezi anaweza kuomba amri ya hakimu ya kukagua rekodi za laini na akaunti, na ya kuzuia pesa zisitolewe. Wakati wa kuandika taarifa, mwombe afanye hivyo mapema. Anayetaka kutoa habari kwa DCI moja kwa moja anaweza kupiga 0800 722 203 bila malipo.

Njia ya kwanza: kesi ya jinai

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, kwa ulaghai wa kompyuta. Kujipatia pesa kwa hila pia ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka 3.

Faini huenda kwa serikali. Pesa za aliyetapeliwa hurudi kwa amri ya fidia, ambayo mahakama inaweza kuitoa baada ya kumtia mshtakiwa hatiani. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema kwamba unaitaka, na umpe hesabu kamili ya ulichopoteza pamoja na risiti.

Mshtakiwa akijitolea kulipa kabla ya hukumu, maelewano yaandikwe na pesa zipokewe kwanza. Kesi ikishafika mahakamani, malalamiko huondolewa kwa idhini ya mahakama.

Njia ya pili: kesi ya madai

Hapa mkazi mwenyewe ndiye mlalamishi. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyozinduliwa Milimani Aprili 2021. Husikiliza madai ya mauzo ya bidhaa na huduma, na ya pesa ambazo mtu amezipokea na kuzishikilia bila haki. Wakili si lazima, Kiswahili hutumika, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Dai kubwa zaidi huenda kwa hakimu, na hakimu mkuu anaweza kusikiliza dai la hadi milioni 20. Linalozidi hapo ni la Mahakama Kuu.

Ugumu wa njia hii ni jina. Huwezi kumshtaki mtu usiyemjua. Jina linaloonekana kwenye ujumbe wa M-Pesa ni pa kuanzia, lakini si uthibitisho: laini nyingine husajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari. Mteja wa Safaricom anaweza kupiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwa upande mwingine, aliyekubali kwa hiari laini yake ipokee pesa za wizi anaweza kudaiwa hata kama si yeye aliyepiga simu.

Tuma kwanza barua ya madai inayotaja kiasi na siku ya mwisho ya kulipa. Dai la mkataba lina miaka 6. Penye ulaghai, muda huanza kuhesabika pale ulaghai ulipogunduliwa, au ulipopaswa kugunduliwa.

Njia ya tatu: wasimamizi

Wakati mwingine kosa haliko kwa tapeli pekee. Ikiwa benki ilizembea, lalamika kwake kwa maandishi, na usiporidhika uende Benki Kuu ya Kenya. Ikiwa taarifa zako za kibinafsi zilitumiwa vibaya, Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko na anatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 90. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu fidia. Uwekezaji wa mtandaoni unaotiliwa shaka huripotiwa kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria.

Utapeli wa pili

Anayelalamika hadharani mitandaoni hufuatwa na "wataalamu wa kurejesha pesa", wengine wakijiita wadukuzi, wengine maafisa wa DCI, wote wakitaka ada kwanza. Kupiga ripoti polisi hakulipiwi. Ada za mahakama hulipwa kwa Mahakama na hutolewa risiti, na ada za kaunti hazitumwi kwa namba binafsi ya afisa yeyote. Anayetaka umtumie kitu ili akurejeshee ulichopoteza anaendeleza wizi ule ule.