Ushahidi wa tiba twautoa sisi, mizani yashikwa na wengine

Kisiwa cha Mombasa hakijapata kukosa ushahidi wa tiba. Kuanzia mwaka wa 1993, mamia ya wanawake walifika katika kliniki ya manispaa ya Ganjoni, wakatoa damu yao na siri za maisha yao, ili wataalamu wa Nairobi na wa Marekani wajue Ukimwi huambukizwa vipi na huzuiliwa vipi. Ukivuka daraja la Nyali ukashika njia ya Kilifi, utafika mahali ambapo vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa vijijini. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1996: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33. Sisi, basi, ni watoaji wakubwa wa ushahidi. Swali ninalotaka tulitafakari leo, mpenzi msomaji, ni hili: ushahidi huo ukishatolewa, ni nani anayeupima?

Utafiti mmoja, hata uwe mzuri namna gani, haumtoshi tabibu. Hesabu za Kilifi zilipopimwa pamoja na za Ghana, Burkina Faso na Asembo katika magharibi ya Kenya, ilibainika kwamba vyandarua hupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 17 hivi. Bado ni faida kubwa: maisha ya watoto 5 au 6 kila mwaka katika kila watoto 1,000 wanaokingwa. Lakini 17 si 33, na waziri anayepanga fedha za taifa zima hana budi kuijua hesabu iliyo karibu zaidi na ukweli. Mapitio hayo yalifanywa na mtaalamu wa Uswisi, chini ya kikundi cha wahariri kilichokuwa Liverpool, Uingereza, katika mtandao wa Cochrane ulioanzishwa mwaka wa 1993. Samaki alivuliwa kwetu. Mizani ilikuwa ng'ambo.

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani, maadamu hesabu ni sahihi? Nitamjibu kwa kisa cha sindano ya steroidi, apewayo mama anayekaribia kujifungua kabla ya miezi kutimia, ili mapafu ya mtoto yakomae upesi. Jaribio la kwanza lilifanywa New Zealand, na matokeo yake yakachapishwa mwaka wa 1972. Mengine yakafuata, na yalipojumlishwa ilionekana wazi kwamba sindano hiyo huokoa watoto njiti. Nembo ya Cochrane yenyewe imechorwa kutokana na majaribio 7 ya dawa hiyo. Hata hivyo, mwaka wa 2015 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 6, Kenya ikiwamo, mahali ambapo vifaa ni haba na umri wa mimba mara nyingi hukisiwa. Katika jumla ya watoto wote waliozaliwa, vifo viliongezeka badala ya kupungua. Halafu mwaka wa 2020 likaja jaribio jingine la kina mama 2,852 katika hospitali za nchi 5, Kenya tena ikiwa mojawapo. Humo umri wa mimba ulipimwa kwa mashine na watoto wakapata huduma bora. Vifo vya watoto wachanga vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Dawa ni ile ile, lakini matokeo ni mbalimbali. Anayepima ushahidi kama huo yampasa ajue mama wa Kibokoni au wa Likoni huhesabu vipi miezi yake, hufika hospitali saa ngapi, na humo hukuta nini. Elimu hiyo haimo katika majarida. Imo katika vichwa vya wauguzi na matabibu wetu.

Kazi yenyewe huitwa mapitio ya kimfumo, na si kazi ya kimiujiza. Mtafiti huanza kwa swali moja lililo wazi, na huandika mapema atakavyolijibu ili asije akapindisha njia akiona matokeo hayampendezi. Kisha hutafuta kila utafiti uliofanywa juu ya swali hilo, uliosifu dawa na ulioikosoa. Watu wawili, kila mmoja peke yake, huchambua zipi za kuchukuliwa na zipi za kuachwa. Wakihitilafiana, hujadiliana au huita wa tatu. Mwisho hesabu hujumlishwa, na msomaji huelezwa imani anayoweza kuiweka katika jibu. Wazee wa Mji wa Kale waliokaa darsani hawatauona ugeni mtindo huu. Wao wamefundishwa tangu utotoni kwamba habari haipokewi hadi iulizwe imesimuliwa na nani, naye aliisikia kwa nani, na je, ni mkweli mwenye kuhifadhi vyema?

Hapa ndipo ninapowageukia vijana. Tunao wahitimu wa uuguzi, famasia na utabibu waliokaa vibarazani na vyeti vyao. Mgomo wa madaktari wa mwaka wa 2024 ulitukumbusha kwamba hata aliyefuzu anaweza kungoja miezi kabla ya kupangiwa kazi ya mafunzo. Taaluma hii haidai maabara wala mashine za mamilioni. Hudai kompyuta, takwimu, subira, na mlango wa kuingilia kwenye majarida. Mlango huo upo: mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka wa 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, huzifungulia taasisi za nchi zisizo tajiri majarida ya tiba bila malipo au kwa bei nafuu.

Wa kuwafundisha nao si wa kutafutwa mwezini. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwapo Kilifi tangu mwaka wa 1989, na kimelea wanafunzi wengi wa shahada ya uzamifu. Nairobi kuna APHRC, ambayo pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand huongoza muungano wa CARTA ulioanza mwaka wa 2008, wenye kuwafadhili wahadhiri wa vyuo wanachama wasomee uzamifu. Afrika Kusini imekuwa na kituo cha Cochrane tangu miaka ya 1990. Sitawadanganya kwamba njia ni laini. Nafasi zenye ufadhili ni chache, masomo huchukua miaka mitatu au zaidi, na atafutaye utajiri wa haraka na aende kwingine.

Lakini asiachiwe kijana mzigo peke yake. Serikali ya Kaunti ya Mombasa na itenge ufadhili wa wanafunzi wawili au watatu wa uzamifu katika fani hii, kwa sharti kwamba watarudi kuitumikia kaunti. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, na kiwakaribishe wahadhiri wa Kilifi wafundishe mapitio ya kimfumo. Na Hospitali Kuu ya Pwani na iwe na japo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwajibu madaktari swali hili: ushahidi wote ukijumlishwa, wasemaje?

Wanawake wa Ganjoni walitoa damu yao ipimwe. Binti zao na wajukuu wao wanastahili kuwamo miongoni mwa wapimaji.