Vitu vya mababu: kwanza tuulize

Makatekista wengi wanatuletea ulizo moja: Mkristu akileta misioni sanamu ya mababu zake, tuifanye nini? Hapo zamani jibu lilikuwa fupi: moto. Siku hizi wengine wamepata jibu la pili: kuna mtu wa biashara anayepita na kamiyo, naye analipa vizuri. Katika seminari tulizoea kubishana kana kwamba majibu hayo mawili ni maadui. Mimi nayaona ni ndugu wa tumbo moja, maana yote mawili yanaondoa kitu pasipo kuuliza jina lake.

Nasema hivyo kwa sababu nilikosa mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza wa upadri, katika parokia moja ya milima ya Marungu, mzee mmoja alikuja jioni na kitu kilichofungwa katika kitambaa cheusi kwa moshi. «Baba Padri,» akasema, «wana wangu wote wamekwenda mjini. Nikifa, huyu atabaki na nani?» Angalia neno lake: alisema «huyu», hakusema «hiki». Kengele ya sala ya jioni ilikuwa imekwisha kulia, nikawa na haraka. Nikamshukuru, nikaweka sanamu juu ya kabati la ofisi. Nyuma ya miezi mitatu mnunuzi akaiona, akatoa pesa za kutosha mabati kumi na mawili ya nyumba ya katekista. Nikampa. Mzee akafa katika majira ya mvua, na mjukuu wake akaja kuniuliza: yule alikuwa mwanamume ao mwanamke? Alikuwa nani katika ukoo wetu? Ulizo la kwanza nilijibu kwa kubahatisha. La pili sikulijibu.

Sasa tuangalie vitu vyenyewe ni nini.

Batabwa wanaita sanamu za namna hii mikisi. Mti peke yake hauna kazi. Fundi akiisha kuchonga, amefanya nusu tu. Anakuja mganga kutia vizimba, ndio vipande vya wanyama, vya mimea, ao udongo wa mahali fulani, na mara nyingi vinatiwa katika pembe juu ya kichwa. Kila kizimba kina sababu yake. Vikitolewa, mti unabaki mti. Kwa hiyo tajiri wa Ulaya anayejivuna kwamba ana mkisi katika sebule yake, mara nyingi ana ala isiyo na kisu.

Bakongo wa Mayombe wana nkisi nkondi, ile sanamu iliyojaa misumari na vyuma. Wageni wanaiona kali, wanafikiri ni ya kuroga watu. Lakini msumari hupigwa kwa neno: kiapo cha watu wawili, amani ya vijiji viwili, mashtaka juu ya mwizi asiyejulikana. Ni daftari la baraza, lililoandikwa kwa chuma. Nani atalisoma, kama waliosikia maneno hawakuulizwa?

Zaidi tena ni lukasa ya Baluba. Ni kibao kidogo cha kushika kwa mkono wa kushoto, kimepangwa shanga na simbi. Mtu wa chama cha Mbudye anapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, huku anasimulia: wafalme na safari zao, mahali patakatifu, madaraka ya watu wa baraza. Shanga moja inaweza kuwa mfalme, ao mlima, kadiri ya habari inayosimuliwa. Katika kabati la kioo, lukasa bila msomaji ni kitabu kilichofungwa kwa gundi.

Wengine wataogopa: Padri, unaturudisha kwa mizimu? Hapana. Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba sanamu haina nguvu yoyote. Kama haina nguvu, mbona tunaogopa kuiuliza ilitoka wapi?

Habari ya vitu hivi kuondoka inagusa misioni zetu kabisa. Katika mwaka 1883 mwaskari Mbelgiji Émile Storms alijenga boma la Mpala, penye ziwa Tanganyika, kwa ajili ya Chama cha Kimataifa cha Afrika. Katika milima ya karibu alikuwako Lusinga, mkubwa wa Batabwa, mwenye bunduki na mwenye kuuza watumwa. Si mtu wa kumsifu. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia, wakamwua, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji kupimwa na wataalamu. Pamoja nalo ilikwenda sanamu ya mababu zake, mwanamume mwenye nywele zilizosukwa. Storms aliiweka katika nyumba yake Brussels mpaka kufa kwake mwaka 1918, nyuma ikafika katika makumbusho ya Tervuren. Boma la Mpala walilipokea Mapadri Weupe mwaka 1885, likawa misioni. Ndiyo kusema, sanamu inayosifiwa katika vitabu vya ufundi ilitoka katika milima hii hii ambamo nasi tunabatiza, na ilitoka kwa damu.

Moto nao una habari yake. Katika mwaka 1562, kule Mani katika Yucatán, padri Mfransisko Diego de Landa alichoma sanamu na vitabu vya Wamaya. Vitabu vinne tu vya Wamaya vinajulikana leo. Ajabu ni hii: nyuma Landa mwenyewe akaandika juu ya desturi zao, na wataalamu wanaotaka kuwajua Wamaya wanalazimika kuyasoma maandiko ya mtu aliyechoma maktaba.

Wakati ule ule, Mfransisko mwingine, Bernardino de Sahagún, alikuwa Meksiko. Alikaa na wazee miaka mingi, akiwauliza kwa utaratibu juu ya miungu, sikukuu, dawa, malezi. Vijana aliowafundisha katika koleji ya Tlatelolco waliandika majibu kwa lugha yao wenyewe, Kinahuatl. Vikatoka vitabu kumi na viwili, vilivyokamilika karibu mwaka 1577. Msifikiri aliipenda miungu ile. Alisema mganga asiyejua ugonjwa hawezi kutibu. Lakini aliuliza, tena aliwapa kalamu wenyeji. Sisi tuna Padri Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi, aliyepewa upadri mwaka 1917. Kabla ya kuwa padri alikwisha kuchapisha maandiko juu ya mawazo ya watu wake. Nashangaa jinsi waseminari wachache wanavyomsoma.

Nirudi kwa mnunuzi. Biashara hii inaharibu hata pasipo moto. Katika mwaka 1987, kule Sipán katika nchi ya Peru, wezi walivunja kaburi la wakubwa wa zamani, dhahabu ikauzwa huku na huku. Karibu na hapo Walter Alva na wenzake wakachimba polepole, wakapata kaburi lingine ambalo halijaguswa. Kwa kuwa waliandika kila kitu mahali kilipolala, walimjua mkubwa yule, cheo chake, na watu waliozikwa pamoja naye. Dhahabu ya wezi ni nzuri vile vile, lakini ni bubu.

Tena mnunuzi mwenyewe anadanganywa. Mafundi wa mji wanachonga leo na kuzeesha kesho: wanazika kinyago katika kichuguu mchwa wakitafune kidogo, wanakitundika juu ya moshi, wanapaka mawese na udongo. (Siwalaumu sana, wana watoto wa kulisha.) Mkitaka kujua, geuzeni kifwebe, mwangalie ndani. Kilichochezwa kimelainika kwa jasho penye paji la uso na kidevu, na matundu ya kamba ukingoni yameliwa na kamba. Kama matundu bado ni makali, hakijacheza ngoma hata moja.

Padri asisahau sheria pia. Ordonansi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda vitu vya utamaduni vya nchi yetu. Kumpa mgeni kitu cha kale akivushe mpaka kimagendo si sadaka kwa parokia, hata mabati yakipatikana.

Basi kitu kikiletwa, tufanye nini? Kaye na kalamu kwanza. Jina lake kwa lugha ya kijiji. Nani alikichonga, nani alikitumia, siku gani, kwa maneno gani. Nani alikuwa na ruhusa ya kukiona. Kwa nini kinaletwa leo: kwa hiari, kwa woga, ao kwa njaa? Hilo la mwisho ni la lazima, maana mtu mwenye njaa hatoi, anaacha tu. Tupige foto, tuandike jina la msimulizi kama anakubali. Nyuma tuulize ukoo wote, si mtu mmoja, kama kitabaki kwao ao kitawekwa misioni kwa amana. Akitaka kukirudisha nyumbani, kirudi.

Wengine watasema vitu vinarudi kutoka Ulaya, tungoje. Ni kweli, kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilileta vitu 114. Mwaka 2022 Ubelgiji ulitoa orodha ya vitu 84,000 hivi, na mwezi wa Juni Mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago kikubwa cha Basuku, Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Mkopo! Lakini vitu vikirudi, wataulizwa wazee gani?

Mjukuu wa yule mzee alirudi mwaka jana pamoja na shangazi ya baba yake, mama mwenye miaka zaidi ya themanini. Mama alikumbuka: sanamu ile ilikuwa ya kike, ikipewa unga mweupe mwezi mpya ukionekana, na jina lake lilikuwa la bibi aliyewavusha ng'ambo ya ziwa. Tukaandika kurasa mbili katika kaye ya parokia. Sanamu yenyewe iko wapi, mnunuzi hakuniambia.