Likasi: Kazi ya kuosha vioo ipo, lakini hesabu ya kiangazi inawaangusha wengi

Katika mji wa Likasi, mtu hahitaji kalenda kujua kwamba mwezi wa Agosti umefika. Vumbi jekundu linatosha. Linapanda kutoka barabara zisizo na lami, linaingia madukani, linakaa juu ya vioo vya benki, hoteli, farmasia na biro za kampuni. Barabara ya taifa namba 1 inapita hapa, na malori yenye kubeba shaba na kobalti kutoka Kolwezi yanaelekea Lubumbashi, umbali wa kilomita karibu 120, kisha Kasumbalesa kwenye mpaka na Zambia. Kioo kilichooshwa Jumatatu, Alhamisi kimesharudi rangi ya udongo.

Kwa vijana wa Kikula, Panda au Shituru wasio na kazi ya kudumu, uchafu huo ni mlango wa riziki. Ndoo mbili, ngazi, sabuni, vitambaa na kile kifaa chenye mpira cha kukaushia kioo vinatosha kwa kuanza. Shida inakuja pale mteja anapouliza bei ya mwezi mzima. Wengi wanajibu papo hapo, bei ndogo, kwa kuogopa kwamba mwengine atapewa kazi. Mara nyingi hasara inaanzia hapo.

Mfano mmoja unaonyesha jambo lenyewe. Tuseme nyumba ya biashara ina vioo 40, na kila kioo kinachukua dakika 5, ndani na nje. Hizo ni dakika 200 za mtu mmoja. Wakiwa wawili, wanamaliza kwa saa moja na dakika 40. Lakini kuna kuchota maji, kuhamisha ngazi, kungoja mlinzi afungue mlango. Siku ambayo maji ya REGIDESO yamekatika, kuna pia kununua bidoni za maji. Kazi hiyo inakula nusu siku. Kwa hiyo watu hao wawili wanaweza kuahidi wateja wawili kwa siku, si wanne.

Sasa bei. Tuseme kila safari moja ya kuosha inagharimu franka 20.000: malipo ya wafanyakazi, usafiri, sabuni, maji, na kitu kidogo cha kuweka kando kwa vifaa vinavyochakaa. Mwosha vioo anaomba franka 50.000 kwa mwezi, akifikiri ataosha mara mbili. Anabaki na faida ya 10.000. Agosti inafika, mteja anataka vioo vioshwe kila juma, maana mkataba unasema tu "usafi wa mwezi". Safari nne zinagharimu 80.000, yeye analipwa 50.000. Mwezi huo mmoja umemeza faida ya miezi mitatu.

Dawa yake ni kuhesabu bei kwa kila safari, na kuandika ratiba inayofuata majira. Katika Katanga, kiangazi kinaanza karibu na mwezi wa tano na vumbi linazidi kuelekea Oktoba. Kuanzia Novemba mvua inalaza vumbi, lakini matope yanarukia vioo vya chini, na kazi ya nje inaweza kuvunjika katikati. Karatasi ya bei, ile inayoitwa devi, inapaswa kusema wazi: safari ngapi katika kila majira, siku gani, nani anatoa maji, safari ya ziada ni bei gani, mvua ikizuia kazi itahamishwa siku gani, na malipo yataingia tarehe gani. Ikiwa bei ni ya dola, kiwango cha kubadilisha kiandikwe pia.

Kwa wanaotaka kuingia kwenye biro za kampuni kubwa za migodi, sheria iko upande wao. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inaweka kazi ndogondogo za kampuni mikononi mwa mashirika yenye mtaji wa Wakongomani, na ARSP ndiyo mamlaka inayosimamia jambo hilo. Lakini mlango huo haufunguki kwa ndoo peke yake. Unaomba shirika lililoandikishwa, namba ya kodi, na uwezo wa kuwalipa wafanyakazi wakati fakture bado inazunguka katika biro za mteja. Asiye na akiba ya miezi miwili au mitatu, hata akishinda zabuni, anaweza kuanguka kabla malipo ya kwanza hayajafika.

Ndiyo maana kuanza na mafarmasia matatu ya mtaa mmoja, yenye siku zilizopangwa na malipo ya kila juma, kunaweza kumjenga mtu kuliko kandarasi moja kubwa yenye bei ya kubahatisha. Vumbi litarudi kila mwaka. Mteja naye, Agosti ijayo, atamtafuta yule ambaye mwaka uliopita hakuacha kazi katikati.