Kwa Nini Mtoto Hukimbilia Banda la Gemu
Msimu wa kahawa unapofika Karagwe na Kyerwa, wazazi wengi hushinda shambani na kurejea jioni wakiwa wamechoka. Mtoto atokapo shuleni hukuta nyumba tupu. Sarafu aliyopewa ya andazi humpeleka banda la gemu, kwenye wenzake na sifa.

Si kila achezaye ni mgonjwa. Uraibu huu, uliokubaliwa katika orodha ya kimataifa ya magonjwa mwaka 2019, ni kushindwa kujizuia hata masomo yanapoharibika, aghalabu kwa muda wa miezi 12. Viboko humfundisha mtoto kujificha tu. Mzazi ajiulize kwanza: alasiri mwanangu hukaa na nani?

Kwa ushauri, mwone Afisa Ustawi wa Jamii au piga 116, bila malipo.