Mkataba wa nyumba unakaribia kuisha? Piga hesabu kabla hujamjibu mwenye nyumba

Wauzaji wenzangu, leo tuache kidogo mambo ya picha na matangazo, tuongelee nyumba.

Wengi wetu hapa hatuna fremu. Duka lipo kwenye simu, stoo ni sebuleni, bodaboda anachukulia mzigo getini. Sasa mkataba wa nyumba ukiisha vibaya, unakosa pa kulala na pa kuuzia siku moja. Ndiyo maana nasema kuongeza mkataba ni biashara kama kununua mzigo: unaenda na bei yako kichwani.

Mimi nauza mashuka na mapazia, nimepanga chumba, sebule na jiko huku Tabata. Kodi ilikuwa 250,000 kwa mwezi. Miezi mitatu kabla ya mkataba kuisha nikamfuata mama mwenye nyumba, nikamwambia nataka kuongeza mwaka. Akaniambia, "Mwanangu, mwaka huu ni 320,000."

Hapo usitegemee sheria ikupangie bei. Ile sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba Tanzania ilifutwa mwaka 2005. Bei ni makubaliano yenu. Nikamjibu, "Sawa mama, naomba wiki moja nijipange." Nikaenda kushika kalamu.

Hesabu ya kubaki. Ongezeko la 70,000 mara miezi 12 ni 840,000 kwa mwaka.

Hesabu ya kuhama. Nilizunguka mtaani, nyumba inayofanana na yangu ilikuwa 270,000. Nikaandika hivi:

- Dalali, kodi ya mwezi mmoja: 270,000
- Kirikuu ya kuhamisha vitu: 80,000
- Wabebaji: 40,000
- Kufunga shelfu upya na marekebisho madogo: 60,000
- Siku tatu bila kuuza, faida ya 25,000 kwa siku: 75,000
- Tofauti ya kodi, 20,000 kwa miezi 12: 240,000

Jumla 765,000. Igawe kwa 12 unapata kama 63,750 kwa mwezi. Maana yake kwangu mimi, kodi ikizidi 313,000 hivi, bora nihame. Hiyo ndiyo ikawa dari yangu. Ukishaijua dari yako huongei kwa hofu, na wala huongei kwa hasira.

Pia mpigie hesabu mwenzako. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja, amepoteza kodi ya mwezi mzima. Na mpangaji mpya hamjui, wewe anakujua.

Wiki ilipoisha nikarudi. "Shikamoo mama. Mimi nalipa kwa wakati na nyumba naitunza. Naomba iwe 275,000, nakupa ya miezi sita kwa mkupuo." Tukavutana, tukaishia 285,000, bei isiyobadilika mwaka mzima. Ongezeko langu likawa 420,000 kwa mwaka, nusu kamili ya lile la mwanzo.

Sasa tusiishie kupeana mikono. Maneno matupu ukija kugombana hayakusaidii. Kwenye karatasi ya kuongeza mkataba hakikisha kuna haya:

1. Tarehe. Mkataba mpya uanze siku inayofuata baada ya ule wa zamani kuisha, pasiwe na pengo.
2. Kodi na namna ya kulipa. Na kwamba haipandi mpaka muda uishe.
3. Matumizi. Mikataba mingi imeandikwa "makazi tu". Omba iongezwe kwamba unaruhusiwa kuweka bidhaa na watu kuja kuchukua mizigo. Ukikaa kimya, siku mkikorofishana makasha yako ndiyo yatakuwa kisingizio cha kukutoa.
4. Amana. Kama uliacha hela ya tahadhari, iandikwe kuwa inaendelea na ni kiasi gani.
5. Notisi. Kila upande utoe taarifa ya muda gani akitaka kusitisha. Kwa mwenye stoo ndani, mwezi mmoja ni mdogo. Mimi niliomba mitatu.
6. Kuongeza tena. Andikeni kwamba mazungumzo ya mwaka unaofuata yaanze siku 90 kabla.

Saini ziwe na mashahidi, kila mmoja abaki na nakala yake. Wengi huwa tunapitia serikali ya mtaa, ni vizuri. Lakini kumbuka ushuru wa stempu wa TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwangu ni 3,420,000, kwa hiyo ushuru 34,200. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa mahakamani kama ushahidi.

Jingine: ukipanga kwa ajili ya biashara kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Wewe mpangaji unaikata kwenye hela ya mwenye nyumba na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi wanataka wapokee kamili, halafu mzigo unabaki kwako. Liongeleeni kabla ya kutaja bei ya mwisho, na kabla ya kusaini pita ofisi ya TRA ujue wewe unaangukia wapi.

Haya, kautoe mkataba wako huko kabatini uangalie tarehe ya mwisho. Ikiwa imebaki miezi mitatu au pungufu, anza hesabu leo usiku ukimaliza kufunga oda. Ukikwama, weka namba zako kwenye komenti bila kutaja jina la mwenye nyumba, tupige pamoja.