Ukirudi nyuma, utafuta kosa gani?

Wacha nikuulize kitu, na usinijibu haraka. Ukipewa nafasi ya kurudi nyuma ufute kosa moja tu maishani mwako, utafuta lipi?

Mimi langu nalijua. Niliacha chuo mwaka wa pili. Hadi leo, mathe akiona mtoto wa jirani amevaa joho la mahafali, ananitazama tu. Haongei. Heri angeongea.

Labda ndiyo maana napenda sana filamu za runinga ambazo mtu anarudishwa zamani. Na kuna kipindi kimoja nimekitazama mara nyingi na bado tunabishana. Kinaitwa Tapestry, cha Star Trek: The Next Generation, kilichoonyeshwa Marekani Februari 1993. Wengi wetu hata hatukuwa tumezaliwa.

Stori iko hivi. Kapteni Jean-Luc Picard, yule mzee wa upara anayeigizwa na Patrick Stewart, anashambuliwa na moyo wake wa bandia unazima. Kwa nini wa bandia? Kwa sababu akiwa kijana, ametoka tu chuo cha wanaanga, alijitia kifua mbele ya majitu matatu baada ya mchezo wa kamari, akadungwa kisu mgongoni kikatokea kifuani. Sasa amekufa, na anayempokea ni Q, kiumbe mjuaji mwenye uwezo wa kufanya lolote. Tena Q anamletea babake marehemu, anayemkaripia kwa kwenda kuwa mwanaanga. Wewe fikiria: wa kwake anamlaumu kwa kwenda, wangu ananilaumu kwa kutoka.

Q anamrudisha siku mbili kabla ya ule ugomvi. Safari hii Picard anatumia akili. Anazuia vita, hata anamsukuma rafiki yake chini ili asipigane. Marafiki wanamwona amegeuka mtu baki. Lakini yuko hai, na moyo wake wa kuzaliwa unadunda.

Anarudi kwenye meli yake na kukuta si kapteni tena. Ni luteni wa ngazi ya chini, wa kutumwa kupeleka ripoti. Kinachouma si cheo. Ni pale anapowauliza wakubwa wake, watu aliokuwa akiwaongoza jana, kama anaweza kupanda. Wanamjibu kwa upole: unafanya kazi vizuri, hukosei, lakini hujitokezi. Aki, hapo mimi husimamisha kwanza nipumue.

Picard anamwambia Q afadhali afe akiwa yule wa zamani. Anarudishwa, anadungwa kisu, anakitazama kikitoka kifuani na kucheka.

Tamu, si ndiyo? Lakini ubishi wangu ni huu: ni rahisi kulipenda kosa lako ukiwa kapteni. Na yule aliyedungwa kisu akabaki tu na kovu? Huyo mwandishi Ronald D. Moore hakumwonyesha.

Ndiyo maana naona Father's Day ya Doctor Who, ya 2005, inasema ukweli zaidi. Rose anarudi 1987, siku babake aligongwa na gari, na anamvuta pembeni. Dunia inaanza kuraruka. Mwishowe mzee mwenyewe anaelewa, anakimbia mbele ya gari lile lile. Rose hapati kumwokoa. Anachopata ni kumshika mkono ili asife peke yake. Hakuna cheo, hakuna kicheko.

Juzi nilimwekea mathe Tapestry kwenye laptopu. Alinyamaza hadi Picard alipocheka na kisu kifuani.

"Na huyu alimwambia mamake?" akauliza.

Nikaenda kuchemsha chai.