Chema Chajiuza, Lakini kwa Bei ya Nani?

Jina la Uchina likitajwa, wengi wetu hukumbuka chai, wala hapana ajabu, kwani Wachina walikunywa chai karne nyingi kabla mataifa mengine hayajaijua. Lakini katika jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, kwenye vilima vya Pu'er, mahali penyewe palipoipa jina aina mashuhuri ya chai, mashamba ya mibuni sasa yamepakana na mashamba ya chai. Jimbo hilo pekee hutoa zaidi ya asilimia 95 ya kahawa yote ya Uchina, na mavuno yake kwa miaka mingi ya karibuni yamepita tani 100,000 kwa mwaka.

Sisi wa visiwani tunaijua kahawa kwenye dele na kikombe cha barazani kuliko tunavyoijua shambani. Msomaji basi ana haki ya kuuliza habari hii yamhusu nini. Inamhusu kwa kuwa ni habari ya zao linalolimwa na wanyonge, likauzwa mbali, kwa bei inayopangwa na watu wasioliona shamba. Kila mwenye mkarafuu Pemba na Unguja anaijua hali hiyo bila ya kufundishwa.

Kahawa si mgeni wa jana huko Yunnan. Mibuni ya kwanza, kama wasimuliavyo wenyeji, ililetwa na padri wa Kifaransa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ikapandwa katika kijiji cha Zhukula. Katika miaka ya 1950 kilimo hicho kilipanuliwa katika bonde la mto Nu, upande wa Baoshan, na soko lililokusudiwa lilikuwa Urusi ya Kisovieti na nchi rafiki zake. Uhusiano wa mataifa hayo mawili makubwa ulipoharibika mwanzoni mwa miaka ya 1960, soko likafungwa, na mibuni mingi ikaachwa ikamezwa na magugu. Huo ulikuwa msiba wa kwanza wa mkulima wa Yunnan, na chanzo chake hakikuwa mdudu wala ukame. Chanzo chake ni kumtegemea mnunuzi mmoja.

Uhai mpya ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1980. Serikali ya Uchina, kwa msaada wa mashirika ya kimataifa na kwa kushirikiana na kampuni ya Nestlé, iliamua kuifanya kahawa iwe njia ya kuwatoa wakulima wa milimani katika umasikini. Mabwana shamba walipelekwa, vitalu vikaanzishwa, na mkulima akahakikishiwa kwamba atakachovuna kitanunuliwa. Mche uliochaguliwa uliitwa Catimor, na nasaba yake yastahili kusimuliwa, maana visiwa viwili vimo ndani yake.

Kisiwa cha kwanza ni Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana katika mashamba ya kahawa ya huko, na katika muda wa miaka kama ishirini hivi zao lililokuwa uti wa mgongo wa kisiwa kizima likawa limekwisha, wenye mashamba wakageukia chai. Kisiwa cha pili ni Timor, ambako katika miaka ya 1920 ulionekana mbuni uliozaliwa kwa kuchanganyika wenyewe baina ya arabika na robusta, nao haukuambukizwa kutu. Mwaka 1959 wataalamu nchini Ureno waliuchanganya mbuni huo wa Timor na aina fupi ya arabika iitwayo Caturra, na ndipo Catimor ilipopatikana. Ni mbuni mfupi, wenye kuzaa sana na wenye kustahimili kutu. Aibu yake ni moja: damu ya robusta iliyomo ndani yake huifanya kahawa yake iwe na ukali na ukavu mdomoni, na waonjaji wa dunia kwa muda mrefu waliidharau.

Kwa kahawa ya unga wa kukoroga, dharau hiyo haikuwa na uzito. Mnunuzi alitaka wingi, naye akalipa kwa kufuata bei ya soko la New York. Mkulima akatoa wingi. Alichuma matunda mabichi na mabivu kwa mkupuo mmoja, akamenya, akaanika palipokuwapo nafasi, akauza. Hatuwezi kumlaumu. Ikiwa tunda jekundu na tunda la kijani hulipwa sawa, mtu wa kuurudia mti mmoja mara nne ni yule asiyejua kuhesabu jasho lake.

Kisha ikaja miaka ya 2018 na 2019, bei ya New York ikashuka chini ya dola moja kwa ratili. Bei hiyo haikutosha gharama za mbolea na wachumaji. Baadhi ya wakulima wa Yunnan waling'oa mibuni yao wakapanda mazao mengine, na wengine wakaiacha bila ya matunzo. Huo ulikuwa msiba wa pili, na sababu yake ni ndugu ya ile ya kwanza. Aliyelima Pu'er hakuwa na neno katika bei iliyopangwa upande wa pili wa dunia.

Hapo ndipo njia ya kahawa maalumu, ambayo wachache walikwisha kuianza, ilipoonekana kuwa njia ya wokovu. Kahawa maalumu si jina la kupambia mfuko. Waonjaji waliofunzwa huikaanga, huisaga, huimimina katika vikombe, kisha huipima harufu, ladha, uchachu na utamu, wakaipa alama katika mia. Ikipata 80 au zaidi, na buni zake zikiwa hazina kasoro kubwa, ndipo huitwa kahawa maalumu, na bei yake hujadiliwa kwa sifa zake zenyewe, si kwa kufuata New York kibubusa.

Kazi ya kuifikia daraja hiyo huanza mtini. Matunda ya mbuni hayaivi siku moja. Katika tawi moja utakuta la kijani, la manjano na jekundu. Mchumaji sharti achague lililoiva tu, kisha arejee tena na tena, tangu Novemba hadi Machi. Kilo tano au sita za matunda hutoa kilo moja tu ya buni. Matunda hayo yatakiwa yamenywe siku ile ile, yavundikwe kwa saa zilizopimwa ili utelezi uachie, yaoshwe kwa maji safi, kisha yaanikwe juu ya vichanja vyenye kupitisha hewa, yakigeuzwageuzwa mpaka unyevu ubakie karibu asilimia 12. Wako wanaoyaanika matunda mazima bila ya kuyamenya, na wako wanaoyamenya wakauacha utelezi ukaukie juu ya punje. Kila njia huleta ladha yake. Saa moja ya uzembe katika hatua yoyote yaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

La kustaajabisha ni kwamba Catimor ile ile iliyodharauliwa, ilipochumwa kwa uangalifu na kuanikwa ipasavyo, ilianza kupata alama za 80 na kupanda. Hapana shaka wapo waliopanda aina nyingine pia. Mmojawapo ni mbuni wa Gesha, uliotoka katika misitu ya Ethiopia, ukapitia kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro, kabla ya kupelekwa Amerika ya Kati mwaka 1953 na kupata sifa dunia nzima. Lakini sehemu kubwa ya Yunnan bado ni Catimor. Mche haukubadilika, kilichobadilika ni mkono uliouchuma, na mkono huo ulibadilika kwa sababu malipo yalibadilika.

Hilo ndilo jambo tunalotaka lizingatiwe na wenye madaraka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Twawaheshimu wahenga, lakini Yunnan yatufundisha kuongeza sharti moja: chema hujiuza pale tu penye mtu anayejua kukipima na aliye tayari kukilipia. Kampuni ya Starbucks ilipofungua kituo cha kuwasaidia wakulima mjini Pu'er mwaka 2012, na wanunuzi wadogo wadogo wa Kichina na wa kigeni walipoanza kupanda milima wenyewe wakiwa na vikombe vya kuonjea, mkulima aliambiwa kwa mara ya kwanza kahawa yake ina ladha gani, na kwa nini ya jirani imelipwa zaidi. Serikali ya jimbo nayo ikaweka mpango wa kusaidia ubora na ukaangaji wa ndani. Kwa takwimu za serikali hiyo, sehemu ya mavuno yenye kufikia kiwango cha juu ilikuwa karibu asilimia 8 mwaka 2021, ikapita asilimia 30 mwaka 2024.

Tena soko limesogea nyumbani. Hapo awali kahawa nyingi ya Yunnan ilipelekwa Ulaya, ikapotea ndani ya michanganyiko isiyotaja jina lake. Leo vijana wa Shanghai, Beijing na Kunming wanakunywa kahawa kwa wingi, na maduka ya kampuni ya Luckin, iliyoanzishwa mwaka 2017, tayari yamezidi yale ya Starbucks nchini humo kwa idadi. Jina la Yunnan sasa huandikwa mbele ya mfuko.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mambo yote yamenyooka. Baridi na jalidi ni adui wa kudumu wa mibuni iliyopandwa karibu na mpaka wa kaskazini wa nchi za joto. Vijana wanahamia mijini, na mikono ya kuchuma inapungua. Isitoshe, bei ya New York ilipopita dola nne kwa ratili mwanzoni mwa mwaka 2025, hatari nyingine ilijitokeza: kahawa ya kawaida ikilipwa vizuri kiasi hicho, tofauti baina yake na ile maalumu hupungua, na mkulima hushawishika kuuza upesi bila ya kuchagua. Bei ya chini huua shamba. Bei ya juu isiyotofautisha huua ubora. Ngazi ya bei yataka kulindwa nyakati zote mbili.

Na sisi je? Historia ya karafuu yetu haiko mbali na hiyo. Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kreteki. Ilipoanza kujitosheleza kwa mikarafuu yake katika miaka ya 1980, bei iliporomoka na mashamba yakasahauliwa. Bei iliposhuka, magendo ya kuvuka bahari yalishamiri, na hakuna askari wa doria aliyeweza kuyamaliza peke yake.

Madaraja ya karafuu tunayo tangu zamani, na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) huyatumia. Swali letu ni jepesi kutamka: je, tofauti ya malipo baina ya daraja na daraja yatosha kumlipa mama aliyekesha akichambua makonyo, na aliyeanika juu ya jamvi safi badala ya sakafu ya vumbi? Je, mkulima anapoambiwa karafuu yake ni ya daraja la pili, huelezwa kasoro yake ili mwakani airekebishe? Na je, kile kinachobakia nchini baada ya usafirishaji, mafuta yanayotolewa kule Wawi yakiwa mfano, chaweza kuongezwa ili jina la visiwa hivi liandikwe mbele ya chupa, lisipotee katika ghala za watu wengine?

Mwenye kununua peke yake ana uwezo ambao wakulima wa Yunnan hawakuupata kwa wanunuzi wao wa mwanzo: aweza kuiweka ngazi ya bei mara moja, kisiwa kizima, na kuitangaza kabla ya msimu. Hotuba za kuhimiza ubora tumezisikia nyingi, na hazikosi kupigiwa makofi. Mkulima ataziamini siku atakapofika kituoni na pakacha mbili, moja iliyochambuliwa na moja isiyochambuliwa, akaondoka na malipo mawili yasiyofanana.